Saa Nane Usiku kwa Saa za Mwanza

Msikilizaji wangu, popote ulipo, Kirumba, Igoma, Nyakato, ng'ambo ya Kamanga au kule Nansio visiwani, vuta kigoda tuzungumze. Leo nina habari ya foleni. Sisi wa umri wangu foleni tunazijua. Miaka ya 1980 tumepanga za sukari na za sabuni, tukaweka jiwe litushikie nafasi tukienda kuchota maji. Lakini foleni ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya kitabu cha hadithi, tena usiku wa manane, na nilikuwamo mimi mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 20 Julai 2007, mjini London. Nilikuwa huko kwa masomo ya mwaka mmoja, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kihaya, mzaliwa wa Bukoba, muuguzi wa zamu za usiku. Alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja. Asubuhi ile alinikuta jikoni, yeye ndiyo kwanza anarudi, bado yumo ndani ya sare ya kazi. "Mdogo wangu," akaniambia, "usiku nina zamu tena, na mtoto huyu siku yenyewe anaihesabu tangu mwezi wa pili. Nenda naye wewe. Akirudi mikono mitupu nyumba hii haitakalika."

Kitabu kilichokuwa kinangojewa ni cha saba na cha mwisho katika mfululizo wa Harry Potter wa mwandishi J. K. Rowling. Kwa asiyemjua, Harry Potter ni mtoto yatima anayelelewa kwa dada wa mama yake, analazwa kwenye kijichumba chini ya ngazi, na anapofikisha miaka kumi na mmoja anapata barua kwamba yeye si mtoto wa kawaida, ana nafasi katika shule ya uchawi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1997 na toleo lake la jalada gumu lilikuwa nakala 500 tu. Miaka kumi baadaye mchapishaji wa Marekani peke yake alichapa nakala milioni 12 za kitabu cha saba kwa mkupuo. Yule binti wa mwenyeji wangu alikuwa mchanga wa mwaka mmoja hadithi ilipoanza. Amekua nayo kama mtu anavyokua na jirani.

Saa iliyopangwa ilikuwa saa sita na dakika moja usiku wa kuamkia Jumamosi. Wenye maduka walikuwa wametia saini mikataba kwamba hakuna boksi litakalofunguliwa kabla ya hapo. Mchana kutwa mvua ilikuwa imenyesha, mvua ileile iliyozamisha vijiji na miji kule Gloucestershire, na tulipotoka nyumbani maji yalikuwa bado yanatiririka kandokando ya barabara. Duka letu lilikuwa dogo, la mtaani, si lile kubwa la Waterstone's pale Piccadilly ambako watu walihesabiwa kwa maelfu na wengine walikuwa wamelala nje tangu siku mbili nyuma. Sisi tulikuwa labda mia mbili. Binti alikuwa amevaa koti la mvua la mama yake, mikono ameikunja mara tatu, na mfukoni tulikuwa na maandazi manne mama yake aliyotufungia kwenye foili.

Ninachotaka ukione vizuri, msikilizaji, ni hiki. Yapata saa nne na nusu alipita kijana na baiskeli, anapiga kelele kwamba ameshajua nani anakufa mwishoni. Siku zile kurasa za kitabu zilikuwa zimevuja kwenye intaneti, kwa hiyo huenda alijua kweli. Foleni nzima iliziba masikio. Watoto, wazazi, mzee mmoja mwenye mkongojo aliyekuja na mjukuu wake, wote viganja masikioni, na wengine wakaanza kuimba ovyo ili sauti ya yule kijana isipenye. Binti aliniangalia, akaona mimi nimesimama tu, akaacha sikio lake moja wazi ili mkono wake uzibe langu.

Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Kwa kawaida binadamu hugombania kujua kabla ya mwenzake. Mwenye habari ndiye mkubwa. Hapa nikaona watu mia mbili wanailinda hali yao ya kutojua, na wanailinda kwa pamoja, kama watu waliobeba chungu kilichojaa hadi ukingoni. Katika foleni ile alikuwamo mtoto aliyeletwa na gari la fahari na alikuwamo huyu wa muuguzi wa Bukoba, na juu ya jambo lililokuwa ndani ya yale maboksi hawakuwa na tofauti hata ya unywele. Utajiri wa baba usingemwezesha mmoja wao kujua mwisho kabla ya wenzake.

Zilipobaki sekunde kumi tukaanza kuhesabu. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya boksi la kwanza, kisu cha jikoni mkononi, macho yameganda kwenye saa ya ukutani. Nakumbuka alivyokata ule mkanda: hakuuchana kwa pupa, aliupasua polepole kwa ncha, kama mtu anayepasua samaki asiyetaka kutoboa nyongo. Harufu ya wino na gundi ikatufikia mlangoni. Nakala moja ilikuwa na kurasa 607 na bei ya jaladani ilikuwa paundi 17.99, ambayo kwa hesabu ya siku zile ilipita shilingi 40,000. Maduka makubwa ya vyakula yalikuwa yanakiuza kwa paundi tano ili kuvuta watu, na nilimwonea uchungu yule mama, maana yeye angepata nini? Lakini watu wake hawakumwacha. Walitaka kukipokea kutoka mkononi mwake.

Tukapanda basi la usiku kurudi nyumbani, ghorofa ya juu. Karibu kila kiti kilikuwa na mtu na kitabu kilekile. Hapana aliyesema neno. Ulisikia kurasa zinageuzwa, na wengine waligeuza kwa wakati mmoja. Binti alisoma kama dakika kumi, akainua kichwa, akaniuliza: "Anti, Mwanza saizi ni saa ngapi?"

Nikamwambia imeshapita saa nane usiku.

"Na wao wameshafungua?"

Nilishindwa kumjibu haraka. Nikamwambia huko watu wamelala. Nikajua palepale kwamba sijamwambia ukweli wote, kwa sababu mwezi ulikuwa bado mchanga, umeshazama, na giza kama lile ndilo wavuvi wa dagaa wanaloliombea. Saa nane usiku ziwa letu halilali. Karabai zinaelea juu ya maji kutoka upande wa Ukerewe hadi huku, ukisimama Capri Point unaweza kudhani kuna mji mwingine mkubwa huko mbele, na akina mama wa Mwaloni wengine wameshaamka wanajiandaa kuwahi mitumbwi. Watu wa macho walikuwapo tele. Mlango wa duka la vitabu ndio uliokuwa umefungwa.

Nimekulia Kirumba. Nilipokuwa mdogo gazeti la Dar es Salaam lilitufikia limeshachakaa habari zake. Tulisoma matokeo ya mpira ambayo wenzetu wa Kariakoo walikuwa wameshamaliza kuyagombania. Kitabu nacho hivyohivyo: kikija, kinakuja kimeshasomwa na kusahauliwa kwingine, mara nyingi kwenye sanduku la msaada, jalada limechanika, jina la mtoto wa nchi nyingine limeandikwa kwa penseli ukurasa wa kwanza. Sidharau msaada, nimesoma kwa vitabu hivyo. Nasema tu kwamba msomaji wa pwani hii ya ziwa amezoeshwa kuwa wa mwisho kufika, akute hadithi imeshakwisha na watu wanakunja mikeka. Hakuwahi kuzibwa sikio na mtu, maana kabla kitabu hakijamfikia dunia nzima ilishamwambia mwisho wake.

Jumamosi ile nilimpigia simu baba. Baba yangu, Mkerewe, wakati ule alikuwa mwalimu mstaafu anayeishi na udhaifu wa macho hapa Mwanza. Nikamsimulia yote kwa furaha. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Shule ya uchawi, umesema?"

Namwelewa. Kwetu neno hilo si la kuchezea. Kanda ya Ziwa tumezika bibi vizee waliokatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka hamsini. Na ilikuwa kuanzia miaka hiyohiyo, 2007 na 2008, tulipoanza kusikia mfululizo wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, aibu ambayo mkoa huu na majirani zake hawataisahau. Kwa hiyo mzazi wa Magu au Misungwi anayekunja uso akisikia habari za watoto na fimbo za kichawi, mimi simcheki wala simwiti mshamba. Ana sababu.

Lakini nilimwambia baba ninachokiamini hadi leo. Hadithi ya ajabu huanza kwa mapatano. Bibi akikaa akatwambia hadithi njoo, sisi tuliitika uongo njoo, utamu kolea. Tuliuita uongo kwa jina lake, tukaukaribisha, tukaupa kiti, na asubuhi ukaondoka. Uvumi unaoua bibi wa watu hauombi mapatano na mtu. Unakuja umevaa nguo za ukweli. Mtoto aliyelelewa kwenye hadithi za maajabu amezoezwa kuutambua mpaka huo tangu utotoni, na mtoto asiyezipata ndiye ninayemhofia zaidi. Tena maajabu si mali ya Waingereza. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert ametuwekea liwali anayeamka kila usiku kuwachapa manyani wawili huku analia, na manyani hao ni kaka zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Nani kati yetu aliyesoma kile kitabu shuleni akaanza kushuku manyani wa kweli? Tulichoanza kushuku ni husuda ndani ya nyumba.

Baba akacheka kidogo. Halafu akasema jambo lililonitoa machozi. "Mwanangu, hao watu wa foleni wamengoja miezi mitano. Mzee wetu Kitereza alingoja miaka thelathini na mitano. Kitabu kilipokuja, yeye hayupo."

Msikilizaji, naomba nikae hapa kidogo, maana nilisafiri hadi London ndipo nikaikumbuka habari ya nyumbani.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Alisomeshwa na Mapadri Weupe, kwanza Kagunguli kisiwani humohumo, halafu seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajua Kilatini na Kijerumani. Akarudi kwao. Aliwaona wazee wa zamani wanaondoka mmoja mmoja na maneno yao, akaketi akaandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, na mwaka 1945 akaimaliza. Ni habari ya Myombekere na mkewe Bugonoka, waliopendana lakini hawana mtoto, hata wakwe wakamchukua binti yao. Mume anakwenda kumkomboa mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika, anatafuta mganga, na mwisho wanapatikana Ntulanalwo na dada yake Bulihwali. Ndani yake mna kila kitu cha kisiwa kile: jinsi ya kuchuma ndizi za pombe, jinsi ya kumwamkia mkwe, dawa, viboko, mvua, mazishi. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, alimtia moyo. Lakini nani angechapa kitabu kinene cha lugha inayosemwa visiwani tu? Muswada ukakaa. Miaka ikapita, Tanganyika ikapata uhuru, muswada umekaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig, mwanahistoria, na mkewe Charlotte. Waliuona muswada wakajua wameona nini. Ushauri ukawa kwamba uwekwe katika Kiswahili. Aliyeuweka ni mzee mwenyewe. Ameshapita miaka sabini, viungo vinamuuma, akakaa kuitafsiri kazi yake yote upya, neno kwa neno. Fikiria. Umeandika kitabu kikakataliwa kwa sababu ya lugha ya mama yako, na badala ya kususa unakiandika mara ya pili kwa lugha ya taifa. Tanzania Publishing House ikakitoa, na mwaka uliowekwa kwenye kitabu ni 1980. Juzuu mbili. Mzee Kitereza akafariki mwaka 1981 kabla hajaishika nakala iliyochapwa.

Baadaye Wajerumani wamekitafsiri, kimesomeka kwa Kifaransa, na Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi na mtoto wa Ukerewe, alikirudia kutoka Kikerewe chenyewe akakiweka kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002. Dunia imekipokea. Lakini huwa najiuliza ingekuwaje kama siku maboksi ya kitabu kile yanashushwa pale gati ya Nansio pangekuwa na watu wanangoja. Wanafunzi wa Kagunguli wamevaa sare, wavuvi, akina mama wa sokoni, na mzee ameletwa na kiti chake akakaa mbele. Mtu mmoja akate kamba ya boksi. Hilo tu.

Mtu ataniambia watu wetu hawakuwa wasomaji. Hapo sikubali. Mwanza ndiyo iliyokuwa makao ya ule mradi mkubwa wa majaribio wa elimu ya watu wazima, ulioungwa mkono na UNESCO, kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, uliofanya kazi katika mikoa hii ya ziwa. Watu walifundishwa kusoma kwa vitabu vya kazi zao: mkulima kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, wa Bukoba kwa kitabu cha migomba. Baba alikuwa mmoja wa walimu. Alikuwa akinisimulia mama mmoja aliyekuja darasani jioni na mtoto mgongoni, karabai imening'inizwa kwenye mwembe, na alipoweza kusoma peke yake neno "nyavu" alilisoma mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Baada ya hapo Mwanza ikawa na gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma wasisahau. Kiu ya kusoma ilikuwapo. Tuliwapa watu kitabu cha pamba, wakakisoma, tukawaambia hongera, tukaishia hapo. Hadithi ya kuwakesha hatukuwaletea.

Na kungoja hadithi tunakujua. Waliokuwa wakubwa miaka ya 1990 wanakumbuka mchezo wa Twende na Wakati wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993. Saa yake ikifika, kinyozi anazima mashine, muuza duka anaongeza sauti, na dereva wa lori anaketi kumsikiliza dereva wa lori mwenzake, Mkwaju, akiharibu maisha yake. Kabla ya hapo watoto tulikuwa na Mama na Mwana, na sauti ya Deborah Mwenda, na hadithi ikikatwa mahali pabaya wiki nzima tulibishana yule mtoto atatokaje. Halafu yakaja magazeti ya hadithi za mfululizo, za akina Eric Shigongo, ambaye baadaye, mwaka 2020, alikuja kuwa mbunge wa Buchosa hapahapa mkoani, na mezani kwa muuza magazeti ulikuta watu watatu vichwa vimegusana juu ya ukurasa mmoja.

Angalia redio ilichokuwa inafanya. Ilimfikia mtu wa Ukara na mtu wa Upanga kwa sekunde ileile. Hakuna aliyekuwa na kesho ya hadithi mkononi kabla ya mwenzake. Ule usawa niliouona kwenye foleni ya London ulikuwa wetu tangu zamani, tuliupata bure hewani, na kabla ya redio tuliupata kwenye moto wa bibi. Kitabu peke yake ndicho tulichokiacha kije kwa mlango wa uani, kimechoka, cha mtu mmoja mmoja.

Basi nina ombi, na nimelibeba moyoni tangu baba alipofariki.

Kisiwa cha Ukerewe kilitupa mwandishi mwingine, Euphrase Kezilahabi, wa Namagondo, aliyetuandikia Rosa Mistika mwaka 1971 na baadaye Nagona na Mzingile, riwaya za maajabu na mafumbo ambazo ukizisoma usiku hulali mapema. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944. Tarehe 13 Aprili ndiyo aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, mwaka 1922, kule Butiama. Na tarehe hiyohiyo mwaka 2023 ilitolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Siku tunayo. Haihitaji kutafutwa.

Naomba kila mwaka, tarehe hiyo, kitabu kimoja kipya cha Kiswahili, hadithi ya ajabu ya kumtoa mtoto usingizini, kifungiwe kwenye maboksi na kisifunguliwe popote nchini hadi saa moja usiku. Mwanza, Nansio, Musoma, Bukoba, Kigoma, Mtwara, Unguja, wote wakate mkanda kwa pamoja. Saa za nchi yetu ni zilezile kila mahali, hakuna wa kuulizwa huko kwenu saizi ni saa ngapi. Na nasema saa moja usiku, si saa sita. Wazungu siku yao inageuka saa sita usiku, ndiyo maana wao wanafungua hapo. Sisi lugha yetu inahesabu saa ya kwanza ya usiku jua likishazama, na usiku tunauita kwa siku unayoamkia. Kwetu mambo hugeuka magharibi. Ndiyo saa ambayo mitumbwi ya dagaa inaondoka, na ndiyo saa ambayo bibi aliruhusu hadithi, maana mchana alikataa katakata, alisema anayesimulia mchana ataota mkia.

Kwa asiye na pesa ya kununua, redio isome sura ya kwanza saa ileile, hewani, polepole, mvuvi aisikie akiwa na kasia mkononi. Sura ya pili ataitafuta mwenyewe. Maktaba yetu ya mkoa iweke nakala za kutosha, na shule zipewe siku hiyohiyo, zisiletewe muhula unaofuata.

Mwenye duka la vitabu hapa mjini, kama unanisikia, gharama yako ni kisu cha kukatia mkanda na taa ya mlangoni. Usifungue hata dakika moja mapema, hata akija mkubwa gani. Akipita kijana wa pikipiki anapiga kelele kwamba anajua mwisho, tutazibana masikio.

Yule binti wa muuguzi wa Bukoba sasa ni mtu mzima, na ameniambia nimjulishe tarehe ikithibitishwa, atakuja kumleta mtoto wake. Mimi nitafika tangu saa kumi jioni, na kiti changu, na maandazi manne kwenye foili.